Kitanda Usichokilalia: Sauti ya Mchimbaji na Usalama Kazini

Kiangazi kilichopita nilikaa na wachimbaji wadogo kwenye duara moja la dhahabu lisilo mbali na Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Nilimwuliza mzee mmoja anajuaje kwamba shimo linakaribia kuporomoka. Alinijibu kuwa matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, hulia kabla ya kuvunjika, na vichangarawe huanza kudondoka kimoja kimoja. Nikamwuliza kama huwa anamweleza mwenye duara. Akacheka. "Mwalimu, ukisema mara mbili, ya tatu hukuti nafasi yako."

Jibu hilo limenirudisha kwenye historia. Kila mwaka tunasikia wito kwamba wafanyakazi wahamasishwe kushiriki katika kuboresha usalama mahali pa kazi. Wito ni mwema, lakini unachukulia kwamba mfanyakazi ama hajui hatari ama haijali. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala humo anawajua. Anachokosa ni uhakika kwamba akiwataja hatafukuzwa chumbani.

Ukimya huo una mizizi mirefu. Dhahabu ya Lupa, ukanda unaojumuisha Chunya na eneo ambalo leo ni Wilaya ya Songwe, iliwavuta watafuta utajiri tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya vibarua walikuwa wakichimba huko. Mgodi wa Saza, jirani na Mkwajuni, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Kibarua wa Tanganyika wakati huo aliishi chini ya sheria ya mabwana na watumishi, ambayo ilihesabu kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mtu asiyeruhusiwa kuondoka penye hatari angewezaje kuulizwa maoni yake kuhusu hatari hiyo?

Uhuru ulileta lugha mpya. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilianzisha kamati za wafakazi sehemu za kazi, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kumshauri mwajiri juu ya usalama na ustawi wa wafanyakazi. Lakini mwaka huohuo shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU. Mfanyakazi alipewa kiti cha kushauri na papo hapo akanyang'anywa fimbo ya kuegemea. Mwaka 1970 yakaja mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, nayo yalikuwa ya ushauri tu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowakemea viongozi wenye kiburi na uonevu, wafanyakazi waliuchukulia kwa uzito na migomo ikafuata viwandani. Haikuchukua miaka mingi kabla ya migomo hiyo kuzimwa, mara nyingine kwa kuwafukuza kazi waliothubutu. Walialikwa kusema, kisha wakaadhibiwa kwa kuitikia mwaliko.

Leo tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala tunaoufahamu kwa jina la OSHA. Inatambua wawakilishi wa usalama na afya pamoja na kamati za usalama. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katika mgodi mkubwa wenye mikataba na idara ya usalama, vyombo hivi vina mahali pa kushika. Katika duara, mambo ni tofauti. Mchimbaji wengi wao hawana mshahara wala mkataba. Malipo yao ni mgawo wa mawe yenye dhahabu. Siku ya kubadilisha matimba ni siku isiyo na jiwe, na isiyo na jiwe haina ugali.

Nisije nikamfanya mchimbaji malaika. Januari 2024, katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, kifusi kiliwaua watu zaidi ya ishirini. Taarifa za viongozi wa serikali zilieleza kwamba wachimbaji walikuwa wameonywa wasianze kuchimba eneo lile kwa kuwa halikuwa salama. Onyo lilikuwepo, wakaingia. Wapo watakaosema huo ni ukaidi. Mimi naona kwamba njaa nayo hutoa amri, na katazo lisiloambatana na chakula cha siku hiyo hushindana na amri hiyo kwa shida sana.

Kwa hiyo, tunapotaka wafanyakazi washiriki, tuanze na mambo matatu. Kwanza, muda wa kukagua na kukarabati shimo uhesabiwe katika mgawo kama muda wa kuchimba. Pili, wachimbaji wenyewe wamchague mwakilishi wao wa usalama, na mwenye leseni asiwe na uwezo wa kumwondoa kwa sababu ametoa taarifa. Tatu, kila taarifa ipate jibu: nini kimefanyika, na kama hakikufanyika, kwa nini. Hakuna kinachoua moyo wa kusema kuliko kusema bila kujibiwa.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, utakapokwenda kukagua mgodi, usiishie mezani kwa mwenye leseni. Kaa na wanaoshuka shimoni, mwenyewe akiwa mbali, uwaulize matimba yamelia lini mara ya mwisho. Kisha rudi baada ya mwezi, uangalie kama yule aliyekujibu bado yupo kazini.