Kapteni Asiye na Bunduki

Ushujaa wa askari unapotajwa, wengi wetu huwaza bunduki, mizinga na ngome iliyotekwa. Ndivyo historia tuliyofundishwa, na ambayo baadhi yetu tuliifundisha kwa miaka mingi, ilivyotuzoesha. Lakini bara letu limemzaa afisa mmoja ambaye ushujaa wake haukuhitaji risasi hata moja, na ni haki vijana wetu walijue jina lake. Naye ni Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali.

Alizaliwa mwaka 1958 huko Koki, mji unaosifika nchini mwake kwa chuo cha Kurani. Alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akajiunga na chuo cha maafisa wa jeshi kilichoko Thiès. Alioa, akajaliwa watoto wawili. Baadaye alitumwa Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi katika UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa Oktoba 1993 ili kusaidia kutekeleza mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti mwaka huo. Waangalizi hao hawakubeba silaha. Kazi yao ilikuwa kutazama, kuandika na kutoa taarifa.

Tarehe 6 Aprili 1994, Rais Juvénal Habyarimana alikuwa akirejea nyumbani kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ndege yake ikatunguliwa karibu na uwanja wa Kigali. Usiku huo huo mauaji yakaanza. Kesho yake Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa pamoja na mumewe. Askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda walinyang'anywa silaha, nao wakauawa. Watoto 5 wa mama huyo walibaki mafichoni karibu na hapo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, Kapteni Diagne ndiye aliyewaokoa. Walifikishwa katika Hoteli ya Mille Collines, kisha wakatolewa nchini, na hatimaye wakapokelewa Uswisi.

Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini siku zilizofuata aliendelea kupita katika mitaa ya Kigali kwa gari lake, akichukua watu watatu au wanne kwa safari moja, kwa kuwa gari halikuweza kuficha zaidi. Kila safari ilikuwa na vizuizi vingi vya barabarani, na katika kila kizuizi walisimama wanamgambo wenye mapanga, wengi wao wamelewa. Silaha yake ilikuwa ulimi. Aliwatania, akawagawia sigara, akawachekesha mpaka wakasahau kuchungulia ndani ya gari. Alikuwa Mwislamu, lakini ilipobidi aliwapa hata pombe ili mtu apone. Hakuweka daftari la aliowaokoa, ila wanaokumbuka siku zile huwahesabu kwa mamia.

Ikumbukwe kwamba waangalizi hawakuwa na amri ya kwenda kuokoa raia majumbani mwao. Mkuu wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alijua anachokifanya kapteni wake, wala hakumwadhibu. Huko New York mambo yalikwenda kinyume: tarehe 21 Aprili, wakati maelfu wakichinjwa kila siku, Baraza la Usalama liliamua kikosi kipunguzwe hadi watu wapatao 270. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa aliyekuwa karibu hakupewa fimbo, akamkabili nyoka mikono mitupu.

Sisi walimu tunaipenda nidhamu, na bila nidhamu hakuna shule wala jeshi. Hata hivyo kanuni huwekwa kwa ajili ya watu. Mwalimu anayeona darasa linaungua hasubiri kengele ipigwe ndipo awatoe watoto nje. Kapteni Diagne hakuasi jeshi lake. Aliendelea na kazi aliyopewa hadi siku ya mwisho, ila alikataa kuitumia kazi hiyo kuwa kisingizio cha kutazama tu.

Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa akirudi makao makuu ya kikosi na ujumbe wa kumpelekea Jenerali Dallaire. Alisimama kwenye kizuizi. Kombora la mota lililorushwa na jeshi la RPF kuelekea kizuizi hicho likaanguka nyuma ya gari, na kipande chake kikampata kichwani. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 36, zikiwa zimebaki kama wiki mbili tu arudi nyumbani kwa mke na watoto.

Hapo ndipo swali gumu linapoibuka. Je, baba mwenye watoto wadogo ana haki ya kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya watoto wa wengine? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huenda ni kwa sababu alikuwa baba ndipo hakuweza kuwapita watoto wa Kigali. Lakini gharama ya wema wake haikulipwa na yeye peke yake. Ililipwa Senegali, na mjane aliyelea watoto wawili bila mwenzake. Mtu akifa hivyo anatuachia deni, na deni hilo ni letu sisi tuliobaki, hasa wale waliomtuma.

Kwa miaka 20 deni hilo halikulipwa. Rwanda ilimtunukia nishani mwaka 2010. Umoja wa Mataifa ulichelewa hadi Mei 2014, Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2154 la kuanzisha nishani ya ujasiri yenye jina lake. Katika azimio hilo Baraza lilikiri kwa masikitiko kwamba familia yake haikuwahi kupata kutoka makao makuu neno lolote la shukrani. Hata barua! Nishani ya kwanza alikabidhiwa mjane wake na watoto mwezi Mei 2016, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon. Watoto hao walikwisha kuwa watu wazima.

Aliyefuata kuipata, mwaka 2019, alikuwa Askari Chancy Chitete wa Malawi. Huyu aliuawa Novemba 2018 karibu na Beni, mashariki ya Kongo, akimwokoa askari mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa. Kwa hiyo jina la kapteni yule wa Senegali linatuhusu hata sisi, kwa kuwa limeambatana na damu iliyomwagwa kwa ajili ya kijana wetu.

Tunajua sana kujenga minara na kupiga mizinga ya heshima siku ya mazishi. Hayo ni mema. Lakini mjane haishi makaburini. Anayetaka kumheshimu askari aliyeanguka na aanze kwa kubisha hodi mlangoni pake, awaulize watoto wanasomaje, na awaeleze baba yao alifanya nini, mapema, wangali wadogo.