Shabaha haiji kwa bahati: Gobori, gumegume na historia ya kulenga

Mtu akiniuliza maana ya neno ‘shabaha’, humtajia kwanza jamaa zake. Neno hili ni ndugu wa ‘kushabihi’, ‘mshabaha’ na ile ‘tashbihi’ tunayowafunza wanafunzi katika somo la fasihi. Yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na wazo lililomo ni kufanana. Ndiyo maana kamusi za zamani za Kiswahili huipa shabaha maana mbili: mfanano, na kile anachokilenga mpigaji bunduki. Lakini jamani, kufanana na kupiga risasi vinahusiana vipi?

Jibu naliona katika chombo ambacho siku hizi hutajwa kwa dharau tu: gobori.

Gobori ni bunduki inayojazwa kupitia mdomoni. Hebu tumfuate mpigaji hatua kwa hatua, maana kila hatua imetuachia neno. Kwanza anapima baruti. Kipimo hicho wazee walikiita ‘kiasi’. Anaimimina ndani ya kasiba, yaani ule mwanzi wa chuma ambao wengine huuita mtutu. Kisha anatia risasi, neno ambalo asili yake ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Baada ya hapo anachukua ufito uitwao mdeki na kushindilia. Leo twashindilia nguo mkobani na ugali tumboni, lakini bunduki nayo ilishindiliwa.

Kilichobaki ni moto. Bunduki za awali ziliwashwa kwa jiwe gumu lililogonga chuma na kutoa cheche. Jiwe hilo ni gumegume, na bunduki yake ikaitwa vivyo hivyo. Mvua kidogo au unyevu wa asubuhi ulitosha kuifanya ikatae kulia. Nadhani msomaji aliyewahi kusikia mwanamume akiitwa ‘gumegume’ sasa ameelewa tusi lile lina uzito gani: ana umbo la bunduki, lakini siku ya haja halii! Baadaye ilikuja fataki, kile kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ya kuwaka, na gumegume likaanza kuwa jambo la kale.

Sasa turudi kwenye shabaha. Kwenye gobori lililotengenezwa vyema, nyuma ya kasiba kuna mwanya mdogo, na mbele, karibu na mdomo, kuna kinundu. Mpigaji hukiweka kinundu ndani ya mwanya, kisha akavipeleka vyote viwili hadi kwenye alama iliyo mbali, mpaka vitatu hivyo vionekane kitu kimoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kufanana na kulenga kunapokutana: kuweka shabaha ni kuvifanya vitu vitatu vishabihiane machoni.

Hata hivyo, macho kusema sawa si hoja. Bunduki mpya yaweza kuelekezwa katikati ya ubao na risasi ikatua pembeni kabisa. Kwa hiyo gobori hupelekwa kwenye uwanja wa shabaha ili lisawazishwe. Mpigaji huliegemeza mahali pasipoyumba, akapiga mara tatu au zaidi kwa kiasi kilekile cha baruti, akisafisha masizi ndani ya kasiba kila baada ya mlio. Kisha hutazama matundu kwenye ubao. Yakiwa yamekusanyika kushoto, huusogeza mwanya wa nyuma kidogo kuelekea kulia. Yakiwa chini mno, hukikata kinundu cha mbele kwa tupa, kidogo tu, maana chuma kikishakatwa hakirudi. Anabadilisha kitu kimoja, anapiga tena, anatazama tena. Akibadilisha baruti na mwanya kwa pamoja hatajua kilichomsaidia ni kipi. Kazi hii hula baruti na risasi nyingi, na yote hiyo haimwui adui wala mnyama. Ni gharama ya kujua.

Historia inatupa mfano mmoja mashuhuri wa kazi hiyo. Mnamo Julai 2, 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha kitaifa cha wapiga shabaha cha Uingereza, katika uwanja wa Wimbledon, London, mbele ya umati wa watu. Chama hicho kilikuwa kimeundwa mwaka uliotangulia, wakati Waingereza walipohofia kuvamiwa na Ufaransa. Malkia alivuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye kifyatulio, na risasi ikaenda yadi 400, ikagonga umbali wa inchi moja na robo kutoka katikati kabisa ya ubao. Watu wakashangilia.

Ile ilikuwa bunduki ya kujazwa mdomoni, kazi ya mhandisi Joseph Whitworth wa Manchester, na kasiba yake ilikuwa ya pembe sita zilizojisokota ndani ili kuizungusha risasi. Malkia hakulenga chochote. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye egemeo, na Whitworth alikuwa ameshaielekeza kwa uangalifu kabla mgeni wa heshima hajafika. Shabaha ilikuwa ya fundi; malkia alivuta uzi tu.

Na huku kwetu? Biashara ya bunduki ilikuwa imekolea pwani zamani. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliagiza kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuziwe serikali pekee, ilhali katika bandari nyingine za Sultani zingeuzwa bila kizuizi. Miongo kadhaa baadaye, majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa nyuma, silaha zao kuukuu zilitafutiwa soko, na Afrika ikawa soko hilo. Nyingi zilikuwa na kasiba laini isiyo na misokoto. Risasi ilikuwa ndogo kuliko tundu, ikatoka ikigongagonga kuta, na ikishapita yadi mia hakuna aliyejua itatua wapi.

Kisha ukaja mkataba wa Brussels. Mataifa yaliutia saini Julai 2, 1890: miaka 30 kamili, siku kwa siku, tangu ule mlio wa Wimbledon. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki ziliichochea biashara hiyo. Lakini tazama walichokiruhusu. Katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na pwani yetu, bunduki za misokoto zilipigwa marufuku isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye kibali. Kilichoweza kuuzwa, tena chini ya usimamizi, ni gumegume la kasiba laini na baruti duni.

Ndiyo sababu husita ninaposoma simulizi za wasafiri wa enzi hizo wakimcheka Mwafrika eti hana shabaha. Angeipata wapi? Alikabidhiwa chombo kisichosawazishika, baruti ya kuhesabu, na hakuna uwanja wa kujaribia. Wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia ngome ya Mahenge mwezi Agosti 1905, walipokewa na bunduki za rashasha. Kuuita ushindi wa Wajerumani siku ile matokeo ya shabaha ni kulitumia neno vibaya.

Sisi walimu tumelirithi neno hili. Zamani maandalio ya somo yalikuwa na ‘shabaha’; leo yana ‘malengo’, neno lililotokana na kulenga. Tumebadilisha neno, ila hatujatoka uwanjani. Basi tukumbuke linavyofanya kazi. Mwanafunzi anayeandika insha moja kwa muhula, isiyosahihishwa kwa makini, amepewa gumegume na kiasi kimoja cha baruti. Akikosa ubao kwenye mtihani, tusikimbilie kusema hana kipaji. Tuulize kwanza amepiga mara ngapi, na nani alimwonyesha matundu yake yalipo.