Ripoti Mapping: Ukweli Ulioandikwa, Mahakama Isiyokuja

Tarehe 1 Oktoba haipiti bure Bukavu kwa watu waliofiwa na kuambiwa kwamba ushahidi haupo. Siku hiyo, mwaka 2010, Umoja wa Mataifa ulitoa Ripoti Mapping: kurasa zaidi ya 500, matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, mashahidi zaidi ya 1,280. Lemera imo, hospitali ambako wagonjwa waliuawa vitandani Oktoba 1996. Yumo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Nyawera, ndani ya mji wetu, tarehe 29 mwezi huohuo. Mauaji ya halaiki ya Kasika na Makobola yamo.

Uchunguzi ulichochewa na makaburi matatu ya halaiki yaliyogunduliwa Kivu Kaskazini mwaka 2005.

Nusura ripoti ikwame mlangoni. Agosti 2010 gazeti la Le Monde lilipata rasimu na kuianika. Ilisema kwamba mashambulizi ya jeshi la Rwanda na washirika wake, waasi wa Kongo wa AFDL, dhidi ya wakimbizi Wahutu, yakithibitishwa mahakamani, yangeweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Kigali ikawaka. Ikatishia kuwaondoa maelfu ya askari wake wa kulinda amani Sudan. Utoaji ukaahirishwa ili nchi zilizotajwa zijibu, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon akafunga safari hadi Kigali. Ripoti ilipotoka, lugha ilikuwa imelainishwa na tahadhari zimeongezwa. Lakini hoja yenyewe haikufutwa: mahakama iamue. Walioibakiza wanastahili heshima yetu.

Mahakama ipi sasa? Ripoti ilipendekeza mahakama mseto, yenye majaji wa Kongo na wa kigeni. Mwaka 2011 Seneti ya Kinshasa ikaukataa muswada wake, na hiyo ni aibu yetu wenyewe.

Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu wa Lemera kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi, alilisema jambo hili Oslo alipopokea Nobel mwaka 2018: ripoti inaota ukungu ndani ya droo New York. Mwaka 2020, akiwa bado anadai haki, alitishiwa kuuawa.

Na vita vimerudi hadi mjini mwetu: Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Majina ya watuhumiwa yangali siri mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na mashahidi wanazeeka. Kuurudisha muswada bungeni hakuhitaji ruhusa ya Kigali wala ya New York. Kinshasa yenyewe inatosha.