KUONGOZWA NA ROHO KATIKA NCHI YA WALIOONGOZWA KWA KAMBA
Tafakari ya Kihistoria kutoka Korogwe na Handeni

Utangulizi

Katika sharika zetu swali juu ya maisha ya kuongozwa na Roho Mtakatifu huulizwa mara nyingi kwa namna moja tu: je, mtu huyu anaye Roho au hanaye? Katika kulijibu, watu hutazama ishara. Mmoja hutaja kunena kwa lugha, mwingine uponyaji, mwingine machozi ya toba. Makala haya yanakusudia kulipitisha swali hilo katika historia ya wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Korogwe na Handeni. Tunauliza: watu wa nchi hii walipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Mkristo ni mtu anayeongozwa, walisikia nini? Maana wazee wao walikwisha kuona watu wakiongozwa, na walioongozwa walikuwa na kamba shingoni.

1. Neno la Mtume

Katika Rum. 8:14-15 Mtume Paulo anafunga pamoja mambo matatu: kuongozwa na Roho, kuwa wana wa Mungu, na kutoka katika utumwa wenye hofu. Kitenzi cha Kiyunani anachokitumia, ago, si kitenzi cha ibada. Ni neno la kawaida la kumpeleka mtu au mnyama mahali fulani. Katika Mdo. 8:32 ndicho kinachotumika kwa kondoo apelekwaye machinjoni, na katika 1 Kor. 12:2 Paulo mwenyewe anakitumia kwa Wakorintho walivyokuwa wakichukuliwa kuziendea sanamu zisizosema. Kwa hiyo Mtume anajua kwamba kuna kuongozwa kwa namna mbili. Kuongozwa peke yake hakuthibitishi lolote. Mtu anaweza kuchukuliwa kwa nguvu nyingi, hata kwa furaha kubwa, akapelekwa utumwani. Kipimo anachokitoa Paulo ni mahali mtu anapofikishwa: je, anafika katika hofu, au anafika katika nyumba ya Baba, anamoitwa mwana?

2. Njia ya utumwa

Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wa bara huuita Ruvu, lilikuwa njia kuu ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, bunduki na baruti zilipanda. Baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Washambaa uliingia katika vita vya ndugu. Semboja, mwanawe aliyekaa Mazinde, katika wilaya ya Korogwe ya leo, alipata nguvu zake kwa kuishika njia hiyo ya biashara. Katika vita hivyo watu wengi walitekwa na kuuzwa.

Upande wa Uzigua habari ilikuwa imeanza mapema zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwafanya Wazigua wengi wajiweke mikononi mwa wafanyabiashara ili wapate chakula, nao wakajikuta wameuzwa mbali, hadi pwani ya Wasomali. Baadhi yao walitoroka na kukaa katika misitu ya mto Juba. Mapokeo yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa kiongozi aliyewatoa katika utumwa akitafuta njia ya kurudi nyumbani. Hawakufika, lakini walitunza lugha yao ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 150.

Tuangalie utumwa huu ulimwondolea mtu nini. Ulimwondolea ukoo kabla ya kumwondolea nguvu zake. Mtumwa alikuwa mtu asiye na wajomba wa kumdai wala baba wa kumtetea. Ndiyo sababu neno la Paulo juu ya kufanywa wana, ambalo kwa msomaji wa leo laweza kuwa fundisho la darasani, lilikuwa hapa jambo la uzima na mauti. Kumwambia mtumwa kwamba Roho anamfundisha kumwita Mungu Baba ni kumwambia kwamba sasa anaye mtu wa kumdai.

3. Lutindi

Mwaka 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani ilifunguliwa Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Waliotumwa kuihudumia walikuwa mashemasi wa Betheli, karibu na Bielefeld, Ujerumani, ambako Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831-1910) alikuwa akiwatunza wenye kifafa na wengine waliokataliwa na jamii. Misheni ya Betheli ilikuwa imekwisha kuanza kazi Mlalo mwaka 1891.

Watoto hawa walikuwa hawana ukoo. Walipewa nyumba, chakula, kazi na Neno. Katika mwaka 1904 kazi ya Lutindi ilichukua sura mpya: ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Wagonjwa walishiriki kazi za shamba na za mikono, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Kazi hiyo iko leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba haina kivuli. Nyumba ya Lutindi ilisimama chini ya bendera ya wakoloni. Serikali ya Kijerumani ilijisifu kwa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini haikuufuta utumwa wenyewe; iliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wakati huohuo reli ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea, yakihitaji mikono mingi kuliko iliyojitolea kwa hiari. Walioimba kanisani juu ya uhuru wa wana wa Mungu waliwaona jirani zao wakilazimishwa kazi. Wamisionari hawakusema juu ya jambo hili kwa sauti iliyostahili.

Hata hivyo Lutindi inabaki kuwa ushuhuda. Kwa watu wengi mwenye ugonjwa wa akili ni mtu aliyeingiwa na pepo, naye hufungwa au hufichwa. Hapa Kanisa lilichagua kumpa kitanda, jembe na jina lake. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyehesabu miujiza. Uvumilivu, utu wema, upole na kiasi, ambavyo Gal. 5:22-23 huvitaja miongoni mwa matunda ya Roho, ni sifa zinazohitajika hasa kwa mtu anayemlisha mgonjwa asiyeweza kumshukuru.

4. Minyororo tena

Si Walutheri peke yao waliopanda mbegu katika nchi hii. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyoanza Magila mwaka 1868, ilifika Korogwe na Uzigua. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, walimu na makasisi wake Waafrika walishukiwa na Wajerumani kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wengi walikamatwa, wakapigwa, wakatiwa minyororo na kupelekwa bara, wengine hawakurudi. Waliokuwa Tabora walifunguliwa Wabelgiji walipoutwaa mji huo mwaka 1916.

Baba zao waliona watu wakipelekwa pwani kwa kamba. Wao wenyewe walipelekwa bara kwa minyororo. Tofauti ni kwamba hawa walijua wao ni wana wa nani. Maisha ya kuongozwa na Roho hayakuwaondolea mnyororo, bali yaliuondolea mnyororo haki ya kuwaambia wao ni nani. Nasi Walutheri tukumbuke kwamba waliowatesa walikuwa watawala wa taifa lilelile lililotuletea Katekisimo. Roho hana taifa.

5. Uamsho na swali la ishara

Mwaka 1907 Ernst Johanssen, aliyekuwa Usambara tangu 1891, alikwenda kuanza kazi Rwanda, na mwaka 1910 Misheni ya Betheli ikafika Bukoba. Baadaye, kutoka Gahini, Rwanda, kati ya Waanglikana, uamsho ulizuka na kuenea Uganda na Buhaya katika miaka ya 1930. Askofu Josiah Kibira (1925-1988) alikuwa tunda lake mojawapo. Uamsho huo ulisisitiza kuungama dhambi hadharani, kurudisha kilichoibwa, na kupatana, hata kati ya mmisionari na mwenyeji. Katika miaka ya 1970 mlei Mwanglikana, Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, alizunguka nchini akiwaombea wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1975. Naye alihimiza toba na kuzitupa hirizi.

Hatuna sababu ya kuyadharau haya. Lakini Luther, alipokabiliana na wale waliodai kuwa na Roho pasipo Neno, alifundisha kwamba Mungu humtoa Roho wake kwa njia ya Neno na Sakramenti. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linashika fundisho hilo katika kifungu cha tano. Faida ya fundisho hili ni ya kichungaji. Mtu ambaye hajaota ndoto wala kunena kwa lugha asiambiwe kwamba hana Roho, maana amebatizwa, na ubatizo ndio siku aliyopewa ukoo. Umati uliomiminika Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, ulituonyesha jinsi wagonjwa wetu walivyo na kiu, na pia jinsi tulivyokuwa wazito wa kuzijaribu roho.

6. Hofu iliyobaki

Jina la Handeni hutajwa nchini kote pamoja na uganga. Wenyeji wenyewe hucheka, lakini hofu ya kurogwa ipo, nayo huvunja nyumba. Mhubiri anayedai kuongozwa na Roho anaweza kuitumikia hofu hiyo pasipo kujua. Akimtaja mama mzee kuwa ndiye aliyemroga mjukuu, au akiagiza mgonjwa wa akili afungwe ili pepo atoke, amewarudisha watu katika utumwa wa hofu kwa jina la Yule aliyewatoa humo. Kipimo cha Paulo kinamhukumu, hata kama ibada ilikuwa na moto.

Kipimo hicho kinatuuliza pia juu ya mgeni. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, baadhi ya wazao wa Wazigua wale wa Juba walikuja Tanzania, wakapewa makazi Handeni, mwishowe Chogo, na wengi wakapata uraia. Walio wengi ni Waislamu. Hawakurudi kwa sababu ya mahubiri yetu, wala si kazi yetu kuwadai kuwa ushahidi wa lolote. Lakini Kanisa linalojua maana ya kupewa ukoo haliwezi kumwangalia jirani kama huyo kwa macho makavu.

Hitimisho

Historia ya Korogwe na Handeni haitupi orodha ya ishara za mtu aliyejaa Roho. Inatupa swali la kuulizia kila huduma, kila kikundi cha maombi na kila mimbari: unawapeleka watu wapi? Anayemwongoza mwenzake hadi kwenye hofu, aibu au kifungo, hamwongozi kwa Roho wa Kristo. Anayemfikisha mahali ambapo aliyepoteza ukoo anahesabiwa kuwa mwana, na mgonjwa anaitwa kwa jina lake, huyo anafanya kazi ya Roho, hata kama anaifanya kimya, jikoni au shambani, siku baada ya siku. Wachungaji wanaoandaliwa vyuoni watatumwa sharika za namna hii. Na wajifunze kwanza kuziuliza sharika hizo ni nani asiye na mtu wa kumdai.