Chuo Kikuu cha Umma na Ulezi wa Sanaa: Kutoka Makerere hadi Nakivale
Mnamo 1965, Makerere, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilianzisha kundi la maigizo ya kusafiri. Wanafunzi waliigiza mijini na vijijini bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika. Wakati huo Nakivale ilikwisha kupokea wakimbizi kutoka Rwanda.

Kusini-magharibi mwa Uganda kulipopata chuo kikuu cha umma, mjini Mbarara mwaka 1989, dhamira ilikuwa sayansi na teknolojia, na masomo yalianza na udaktari. Kwa nchi iliyotoka vitani, haja hiyo haikuwa ya kubezwa. Hata hivyo, sanaa ya majirani ilibaki bila mlezi wa kitaaluma. Nakivale ya leo ina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili kinachowaunganisha wengi wao kimebeba nyimbo na ngano za makwao. Hizo husikika makanisani, sokoni na arusini, kisha huondoka na wenyewe wanapohamishiwa nchi za mbali. Kuzirekodi hakungoji kitivo kipya. Makerere ya 1965 ilianza na wanafunzi waliokubali kusafiri.