Zepelini L 59

L 59 ilikuwa zepelini ya jeshi la majini la Ujerumani, iliyotumwa Novemba 1917 kutoka Jamboli, Bulgaria, kupeleka silaha na dawa kwa kikosi cha kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck kusini mwa Tanzania ya leo. Wajerumani waliiita “Meli ya Afrika”. Ilikaa angani saa 95 bila kutua, ikarudi ilikotoka na shehena yake.

Kisa chake kinaanzia chini, si angani. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa wakiwabana Wajerumani kwa safu mbili, moja ikitoka Lindi, nyingine Kilwa. Safu ya Kilwa ilivuka bonde la Mbwemkuru, ikashuka katika nchi ambayo leo ni Ruangwa, na tarehe 10 Oktoba ikaingia Ruponda, sasa kata ya wilaya ya Nachingwea. Ruponda ilikuwa ghala la chakula la Wajerumani, na kuipoteza kuliwaumiza kuliko kupoteza kilima au mto. Siku chache baadaye, tarehe 15 hadi 18 Oktoba, walipigana na Waingereza huko Mahiwa, karibu na Nyangao. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa waliokufa na kujeruhiwa. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini ushindi huo ulimmalizia risasi. Kwinini, dawa ya malaria, nayo ilikuwa ya kupimiana.

Wakati huo bahari ilikuwa ya Waingereza. Njia iliyobaki ilikuwa ya juu, na ndege za siku hizo, za mbao na kitambaa, hazikuweza kuruka kutoka Ulaya hadi Lindi. Zepelini iliweza. Ni chombo chenye mifupa ya madini mepesi iliyovikwa kitambaa, na ndani yake mifuko mikubwa ya haidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa. Chombo cha kwanza kilichotayarishwa kwa safari hii, L 57, kiliharibiwa na dhoruba mapema Oktoba. L 59 ikashika nafasi yake: ilirefushwa mita 30 hadi kufikia mita 226, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira, ikasukumwa na injini tano za Maybach.

Cha ajabu zaidi ni kwamba haikutarajiwa kurudi. Afrika Mashariki hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza upya, kwa hiyo iliundwa kama ng'ombe wa karamu, ya kuchinjwa ikifika na kutumika kuanzia pembe hadi kwato. Kitambaa cha nje kilikuwa cha kushonea mahema na nguo, ngozi iliyotandikwa kwenye ujia wa ndani ya kutengenezea viatu, na injini za kuzalishia umeme. Tumboni ilibeba kama tani 15: bombomu 30, risasi zaidi ya 300,000, magunia 61 ya dawa na bendeji, barua, hata vifaa vya kushonea.

Nahodha Ludwig Bockholt aliondoka Jamboli tarehe 21 Novemba. Walivuka Krete, wakaingia Afrika kupitia pwani ya Misri, kisha jangwani. Huko ndiko taabu ilikokuwa. Mchana jua lilichemsha gesi ikapanuka na kuvuja. Usiku baridi iliisinyaza, chombo kikawa kizito na kuanza kuzama, na watu wakalazimika kutupa vitu ili kiinuke. Mng'ao wa mchanga uliwaumiza vichwa, wengine wakaanza kuona visivyokuwapo. Injini moja ilikufa, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma simu ya upepo. Kuanzia hapo waliweza kusikia, hawakuweza kujibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, walipokea amri kutoka Ujerumani: rudini. Sababu iliyotolewa ni kwamba sehemu kubwa ya nyanda za Wamakonde, walikotarajiwa kutua, imeshikwa na adui, Kitangari ikiwamo. Baadaye ulizuka uvumi kwamba amri ile ilikuwa hila ya majasusi wa Uingereza. Ni hadithi tamu, lakini haihitajiki. Habari zilikuwa za kweli: wiki moja kabla, Lettow-Vorbeck alikuwa amewaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake na kuelekea mto Ruvuma akiwa na Wajerumani wachache na askari Waafrika wapatao 1,700, pamoja na wapagazi ambao vitabu vingi huwataja kwa haraka mno.

L 59 ilitua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya kilomita 6,757. Mafuta yaliyobaki yangetosha saa nyingine 64. Siku ileile Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, na akapata humo bunduki, risasi na dawa, vitu vilevile ambavyo zepelini ilikuwa ikimletea.

Tarehe 7 Aprili 1918, ikielekea kushambulia Malta, L 59 iliwaka moto juu ya mlango-bahari wa Otranto na kuanguka. Bockholt na watu wake wote walikufa.