Nani Anashika Saa?

Ukiniuliza historia ya gemu za mikakati ni historia ya nini, sitakuambia ni ya vita, wala ya picha kuzidi kupendeza. Ni historia ya saa. Kila gemu ya aina hii, iwe ya majeshi au ya miji, lazima ijibu swali moja kwanza: ukikaa ukiwaza, dunia itakungoja?

Wacheza bao wa Pwani walishajibu kitambo. Unasambaza kete, na ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako. Zamu inaisha kete zinapoamua, si dakika.

Jeshi la Prussia lilitaka kitu kingine. Mwaka 1824 ofisa mmoja, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa ramani ulioitwa Kriegsspiel, na kila zamu ikahesabiwa kuwa dakika 2 za vita. Mwamuzi alijua askari wa miguu anaweza kufika wapi kwa dakika hizo, akamsogeza hapo tu. Zamu sasa ilikuwa na urefu, na aliyeupima alikuwa mtu wa tatu.

Kompyuta ilirithi kazi ya huyo mwamuzi. Sid Meier alipoanza kuunda Civilization, saa yake ilikuwa inakimbia yenyewe. Hakuridhika, akaigeuza iwe ya zamu, na ndivyo ilivyotoka mwaka 1991. Hapo dunia inakungoja. Nenda ukapike ugali, urudi, adui bado amesimama mpakani.

Lakini angalia zamu zenyewe. Gemu inaanza mwaka 4000 KK, na mwanzoni zamu moja ni miaka 20. Karne zikisonga, zamu inafupika mpaka mwaka mmoja. Maisha ya mkulima wa kale yanapita kwa kubonyeza mara chache, ilhali enzi ya viwanda inapewa mwaka mmoja mmoja. Hayo si mahesabu matupu, ni maoni kuhusu historia: miaka ya nani ina uzito, na ya nani inaweza kurukwa. Sisi ambao karne zetu zilimalizwa kwa aya moja kwenye vitabu vya shule, hilo pengo tunalijua vizuri.

X-COM ya 1994 iliugawa muda hadi ndani ya mwili wa askari. Kila mmoja ana kiasi chake cha muda katika zamu: kutembea kunakula, kugeuka kunakula, kupiga risasi kunakula. Ukiutumia wote, adui akitokea kwenye zamu yake, askari wako hana cha kumjibu. Muda umekuwa akiba, kama hela ya dharura.

Halafu ikaja saa isiyongoja. Dune II ya Westwood, mwaka 1992, haikuwa ya kwanza kabisa kuendesha vita papo kwa papo, lakini ndiyo iliyoonyesha njia: chimba mali, jenga kambi, toa jeshi, vyote kwa mpigo huku adui naye akifanya hivyohivyo. Baadaye Warcraft, Age of Empires, na mwaka 1998 StarCraft. Hapa kufikiri kwenyewe kuna gharama. Mabingwa wa StarCraft wa Korea Kusini walifikisha zaidi ya vitendo 300 kwa dakika moja.

Korea Kusini haikupenda gemu hiyo hivihivi tu. Watu waliichezea sana kwenye kumbi za kompyuta za kulipia kwa saa, na mechi inayoisha ndani ya nusu saa inafaa sana mahali kama hapo. Hilo nalielewa bila kufika huko. Saiba ya mtaani kwetu ilikuwa bob moja kwa dakika. Kwa bob 40 unapiga vita vya Age of Empires na vinaisha, mshindi anajulikana. Kwa Civilization, hizo bob 40 zinaisha bado unatafuta chuma.

Saa isiyongoja tunaijua pia nje ya gemu. Chuo nilichoacha kilikuwa na tarehe ya karo. Karo isipofika, usajili unafungwa, na muhula unaendelea na safari yake bila wewe. Hakuna wa kumwambia asubiri kidogo.

Labda ndiyo sababu nazipenda gemu za Paradox, wale wa Stockholm. Europa Universalis IV inaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kuhesabu siku moja moja hadi 1821. Saa inakimbia, ila kitufe cha kuisimamisha unacho wewe. Unasimamisha, unasoma ramani, unaghairi vita, unaendelea. Wafalme wa kweli hawakupata anasa hiyo.

Kisha simu zikaja na jibu jipya kabisa. Kwenye Clash of Clans ya 2012, jengo dogo linachukua dakika chache, na ngome ikikua kungoja kunahesabiwa kwa siku. Saa inakimbia hata ukilala. Hutaki kungoja? Nunua vito kwa pesa halisi, fundi amalize sasa hivi. Yaani subira, ambayo kwenye bao ilikuwa sehemu ya akili ya mchezo, sasa imewekewa bei.

Mimi naandika kwa kujitegemea. Makala inatakiwa kesho, malipo yanakuja baada ya siku 60. Kwa hivyo mtu akiniambia gemu za zamu ni za wazee na zimepitwa na wakati, huwa namuuliza kama kuna mahali pengine popote, kwa siku nzima, ambapo dunia humngoja hadi amalize kufikiri.